Mpira Hauna Upepo

Tulikuwa kumi na mmoja, macho ishirini na mawili,
na Anaeli alipita katikati yetu akitembea.

Naandika hivyo ili niamini: akitembea.
Si mbio, si chenga. Kama mtu
anayerudisha sufuria kwa jirani.

Uwanja wa Pasua, Moshi, Jumamosi, vumbi limelowa kidogo.
Mpira ule mrefu, uliochongoka huku na huku,
ambao watoto wa pale huuita parachichi.
Sisi tuliotoka Arusha tumeinama, vidole chini, tumekaza taya,
tunasubiri kelele yao ya kuanza.

Haikuja.
Mtu wao wa kati aliupitisha mpira juu ya bega,
taratibu, kama anayempa mwenzake chumvi mezani.
Anaeli akaupokea, akaubonyeza, akakunja uso.
"Kocha! Mpira huu hauna upepo!"
Na kocha wao, Mama Ndeshi, akafoka kutoka pembeni
kwa hasira iliyofanyiwa mazoezi tangu Jumatano:
"Ulete basi! Utachezaje na kitu kimesinyaa?"

Akaja. Akanifikia mimi.
Nilimpisha. Naapa, nilivuta na mguu
asije akajikwaa.
Lemburis, ukuta wetu, kilo mia na tano,
alimwambia pole.

Hatua ya saba, ya nane,
kisha visigino vikaamka.
Tulipogeuka, namba tisa mgongoni mwake
ilikwisha kuwa ndogo kama ya kwenye kalenda.
Refa akafungua kitabu cha sheria, akalamba kidole,
akasoma ukurasa mzima, watu kimya,
akanyoosha mikono yote miwili juu.

Tumefundishwa kumkaba anayekimbia.
Anayelalamika, nani amewahi kumkaba?

Baba naye aliondoka hivyo.
Redio kwapani, kandambili miguuni,
akisema betri zimekufa, anakwenda hapo dukani.
Nilimfungulia geti. Nikamwambia
aniletee na kiberiti.

Baada ya mechi walicheka, wakatugawia ndizi za kuchoma.
Mimi nikamwomba Anaeli ule mpira.
Nikaubonyeza kwa vidole gumba, mara mbili, mara tatu.
Ulikuwa umejaa. Mgumu,
kama parachichi lililochumwa kabla ya siku zake.

Betri zile nilizinunua mimi, pale Sanawari,
asubuhi ya siku ile ile.