Mgongo Umelegea, Ndani Safi

Bando la usiku huanza saa sita,
nami huanza nalo.
Isevya imelala, umeme upo na haupo,
ubavuni Mihayo anakoroma
kama mashine ya kufunga marobota ya tumbaku.
Najifunika kanga mimi na simu, nanunua vitabu.

Muuzaji yuko Morogoro. Hamdun. Sijawahi kumwona.
Namjua kwa dole gumba tu,
kucha imepasuka katikati,
linashikilia kila jalada pembeni mwa picha
kama mtu anayezuia mlango usijifunge.
Chini anaandika, bila kusifia:
"Mgongo umelegea, ndani safi."
"Doa la chai ukurasa wa arobaini."
"Mwenyewe wa kwanza alikuwa na hasira, amechorachora."
Hadanganyi. Kwa fedha namwamini
kuliko mweka hazina wa chama chetu cha msingi,
na mweka hazina ni mimi.

Nimenunua cha ufugaji nyuki. Hicho kina sababu,
huku kwetu asali ni lugha ya pili.
Nimenunua cha miamba,
cha kutengeneza redio za betri kubwa,
cha sheria ya mirathi, toleo lililokwisha kufutwa,
cha mapishi ya nchi za baridi, siagi kila mstari.
Nimenunua kamusi ya Kirusi.
Sina Mrusi ninayemdai wala anayenidai,
ila ilikuwa elfu mbili,
na ilikuwa imekaa kwenye picha peke yake.

"Utavisoma lini?" Mihayo huuliza
siku boksi likiteremshwa stesheni
kutoka treni iendayo Kigoma,
limefungwa kamba za katani, linanuka stoo ya mtu.
Huuliza huku amelibeba begani,
na akishalitua ndiye wa kwanza kulifungua.
Cha redio alikimaliza kwa siku tatu. Hakusema.
Niliona bisibisi mezani.

Kisha nikaagiza cha ukunga.
Sikumwambia mtu.
Hamdun aliandika: "Kizima, ila 211 hadi 214 zimechanwa."
Nikajibu: Tuma hivyo hivyo.
Kilipofika nililitafuta pengo kwa kidole:
meno madogo ya karatasi kando ya uzi,
kabla yake sentensi, "Endapo mapigo ya moyo",
baada yake mchoro wa mama amekaa, anacheka, ananyonyesha.

Matangazo ya Hamdun yameshaniingia damuni,
usiku ule nikajitangaza mwenyewe, kimoyomoyo:
Mwanamke, Isevya, toleo la mwaka sabini na tisa.
Jalada limepauka. Mgongo umelegea, ndani safi.
Karatasi mbili hazipo.
Kinasomeka.

Juma lililofuata zikaja picha nne, hazina maelezo.
Nakala nyingine kaipata wapi sijui,
dole gumba ni lile lile,
211, 212, 213, 214.
Nikamwuliza bei.
"Hizo siuzi."
Sijazikuza. Ziko ndogo ndogo kwenye simu
kama madirisha ya nyumba iliyo ng'ambo ya reli:
najua taa inawaka, kwa sasa yatosha.

Leo, saa saba kasoro, ametoa kipya.
Cha kujifunza kuogelea.
"Kililowa, kikakauka. Kurasa zimevimba, hazijashikana."
Tabora hatuna ziwa. Bwawa la Igombe ni la kunywa.
Nimeanza kuandika, nimefuta, nimeandika tena,
na mashine ya tumbaku imenyamaza.
"Cha nini hicho?" anauliza gizani.
Namwambia.
Kimya. Mbwa wa jirani, kisha hata mbwa hayupo.
"Elfu ngapi?"