Kasi Nne

Sidii mia mbili sitini na moja,
nimezihesabu mara mbili, juu ya zulia:
kwaya za usharika, rumba, zuku ya harusini,
nyingine hazina jina, wino umefutika,
imebaki "Na. 2" na alama ya kikombe cha chai.
Zote ziingie kwenye kompyuta ya sebuleni,
ile iliyojibanza chini ya televisheni
kama kuku anayeatamia.

Dakika thelathini na nane kwa sidii moja.
Piga hesabu mwenyewe.
Mimi nilipiga, nyuma ya risiti ya LUKU:
nikianza baada ya taarifa ya habari,
nikilala saa tano,
ni tatu kwa usiku, umeme ukikubali;
nitamaliza wageni wa Krismasi
wameshakuja Moshi, wameshakula, wamesharudi Dar.

"Mvumilivu hula mbivu," akasema Aikande,
anakunja nguo, haniangalii.
Nikamwambia mbivu ninazijua, mimi ni wa Kibosho;
ukizivumilia sana zinaliwa na nzi.

Basi nikaanza kutafuta mchawi.
Nikafuta sidii kwa kitambaa cha miwani,
kutoka katikati kwenda nje;
zenye mikwaruzo nikazipaka dawa ya meno,
sebule ikanuka asubuhi.
Nikaenda kwa fundi Kisanga, Mbuyuni,
akafungua kifuniko, akapuliza vumbi, akacheka:
"Mzee, huu waya ni wa enzi za mkoloni."
Elfu saba. Nikabadilisha waya.
Dakika thelathini na nane.
Nikanunua draivu ya pili, iliyotumika,
ya ofisi ya wakala wa mizigo iliyofungwa;
zikawa mbili, zinatafuna pamoja
kama mbuzi wawili kwenye majani ya mgomba,
kila mmoja na dakika zake thelathini na nane.
Kisanga akaniambia programu inakagua mno,
kila mkwaruzo inausoma mara kumi na sita
kama mwanafunzi anayemwogopa mwalimu.
Nikaipunguzia woga.
Thelathini na sita.

Usiku wa Alhamisi, vuli inapiga bati,
nikafungua faili la mipangilio,
nililoliandika mwenyewe, miaka ile
(kompyuta nimebadilisha mara mbili,
faili nimelihamisha kama lilivyo),
nikashuka mstari kwa mstari, kama anayetafuta chawa.
Na pale, katikati ya mambo yasiyo na maana:
*kasi = 4*
na pembeni, kwa maneno yangu:
*usizidishe, mtoto amelala.*

Nikakaa.

Tulikuwa na chumba kimoja na sebule, Pasua.
Kitanda cha Ndeshi kilikuwa nyuma ya televisheni.
Draivu ikivuma, anashtuka, analia,
Aikande ananitazama bila kusema,
na kutosema kwake kulikuwa na kelele kuliko draivu.
Nikaifunga mashine mguu.
Nikasahau kwamba nimeifunga.
Miaka kumi na minne naitukana kwa kuchechemea.

Ndeshi sasa yuko kidato cha pili, bweni, Same.
Anapiga simu Jumapili, anaomba sabuni
na hela ya picha.

Nikaongeza sifuri.
Draivu ikanguruma, meza ikatetemeka,
vijiko vikalia kwenye sinia,
Aikande akatoka chumbani, kanga mabegani:
"Ni tetemeko?"
"Ni kwaya," nikasema.
Dakika nne na nusu.
Akasimama kidogo, akasikiliza ule mvumo.
"Afadhali," akasema, "nyumba imepata mtu,"
akarudi kulala.

Likizo, Ijumaa. Basi limechelewa.
Ndeshi amekula nusu sahani, amelala kwenye kochi,
mrefu, miguu inaning'inia nje kama ya mgeni,
soksi moja ya shule bado haijavuliwa.
Zimebaki sidii ishirini na moja.
Ningezimaliza kabla ya saa sita.

Nikafungua faili.
Nikafuta sifuri.