Miimo

Programu haina neno la kitu anachokitaka Hilkka.
Ina kuta, ina madirisha, ina makochi mia tatu,
ina mtu wa kijivu asiye uso, husimama popote umwekapo
ili ujue mlango una kimo gani.
Ukuta wa kioo, haina.

Basi anaidanganya. Anachora ukuta wa kawaida,
urefu mita tano na nusu,
anautoboa dirisha moja, analivuta, analivuta,
hadi ukuta wenyewe unabaki jina.
Kisha anasimamisha miimo:
kisanduku chembamba, sita kwa kumi na mbili,
anakinakili, anakisogeza, anakinakili, anakisogeza,
kipanya kikigonga kama kigong'ota kwenye nguzo ya simu.

Nje, Kallavesi limeganda tangu juzi.
Nyuma yake, kwenye kiti cha magurudumu, yupo Urpo, baba yake,
fundi wa madirisha kwa miaka arobaini na mmoja,
mkono wa kulia umelala pajani
kama randa iliyorudishwa sandukuni.

"Huo umebeba nini?"
"Haujabeba kitu, Baba. Ni picha."
"Mwimo usiobeba ni mstari."

Siku hizi maneno humtoka moja moja,
kama misumari iliyobanwa kwa midomo.

Hilkka anaongeza boriti juu, kizingiti chini.
Anachagua mbao: msonobari, bofya moja,
na miimo yote saba inavaa ngozi ya mti.
Urpo anasogea hadi pumzi yake inatia ukungu kwenye skrini.
"Fundo hilo nimeliona."
"Lipi?"
"Hilo. Na hapo. Na hapo tena."
Miti saba, fundo moja, mahali pale pale.
Anacheka upande mmoja wa uso, ule unaomtii.

Programu hupenda sawasawa: gawanya kwa sita, imekwisha.
Lakini Hilkka anainuka, anachukua futi ya utepe,
anapima kutoka sakafuni hadi jichoni mwa baba:
mia moja na kumi na nane.
Anashusha kamera ya programu mpaka hapo,
anabandika nyuma ya kioo picha ya ziwa aliyoipiga Agosti.
Mwimo wa nne umesimama juu ya kisiwa,
kisiwa kile kile ambako Aune alikuwa akipiga makasia peke yake
na kurudi jioni na ndoo, na meno ya buluu.

Hakuna anayemtaja.
Hilkka anausogeza mwimo kushoto, sentimita thelathini na nne.
Ulinganifu unavunjika. Kioo kimoja kinakuwa kipana kama meza ya harusi.
"Kitakuwa kizito."
"Kitabebwa."

Anaandika tarehe: ishirini na moja Desemba, saa nane mchana.
Jua la programu linaingia limelala, rangi ya siagi,
na vivuli vya miimo vinanyooka sakafuni
vikimkata yule mtu wa kijivu vipande vipande.
"Mwondoe huyo," anasema Urpo.
Anamwondoa. Kiti cha magurudumu hakimo katika orodha.
Anaweka kiti cha jikoni, anakigeuza kielekee kisiwani.

Ijumaa bei ya kioo inafika kwa barua pepe.
Hilkka anaisoma mara mbili, anakwenda kuosha vyombo
ambavyo vilikwisha oshwa.
Ukuta wa kweli bado ni magogo
na kadirisha kamoja ambako Urpo alikapachika kabla yeye hajazaliwa.

Jumamosi, baada ya kahawa: "Fungua ukuta,"
anasema, kama mtu asemavyo fungua pazia.
Wanakaa. Kwa mkono wa kushoto, mzito, anavuta jua
kutoka asubuhi hadi saa tisa kasorobo, linapozama,
na analirudisha, na analivuta tena.

"Ule wa nne."
"Una nini?"
"Umebana kioo. Acha nafasi, milimita nne."
"Baba, hii haitajengwa."
"Acha nafasi," anasema. "Mbao huvimba."