Kikombe

Januari niliandika kumi na moja,
nyuma ya kalenda ya duka la saruji, kwa wino mwekundu:
kuacha sigara, kuamka alfajiri,
kukimbia mpaka Kapripointi na kurudi,
kuweka akiba, kusali, kupunguza chumvi,
kumpigia dada yangu Nyanzobe, kule Ukerewe,
kutofoka mbele ya wanangu.
Mengine siyakumbuki.
Tarehe tisa kalenda ilishageuzwa ukutani,
picha ya mifuko ya saruji mbele,
nami nyuma ya nyumba, juu ya jiwe letu, navuta.

Mimi ni karani wa mizani, mwaloni Kirumba.
Mwaka wa kumi na tisa huu napima dagaa wa watu.
Siku moja mvua imetufungia chini ya bati,
nikaokota dagaa mmoja sakafuni,
mkavu, mwepesi kama kope,
nikamlaza juu ya sahani ya mizani.
Mshale haukutikisika.
Bugumba, mpagazi, akacheka:
"Karani, na huyo utamwandikia risiti?"
Nyuma yake magunia yamepandana hadi darini,
na ndani yake hamna kingine
ila huyo huyo, asiyetikisa mshale.

Usiku ule nilipanda ngazi za Mabatini,
nikaosha kikombe.
Si vyombo vyote. Kikombe changu cha bati,
kilichobanduka rangi mdomoni,
kilicholala na mashapo ya chai tangu nioe.
Nikakipindua juu ya kitambaa. Nikalala.

Kesho yake tena.
Mke wangu Minza alitazama, hakusema.
Siku ya sita aliuliza kama nina homa.

Sikuongeza kitu, na hapo ndipo palikuwa pagumu:
kutoongeza.
Moyo ulitaka kurukia sahani, sufuria,
na mlima mzima kwa mbio.
Nikauambia: kikombe.

Kufikia Machi mkono ulikiosha wenyewe,
mimi nikiwaza bei ya mkaa.
Ndipo nikaweka la pili:
shilingi mia tano ndani ya kopo la maziwa
kabla sijavua viatu.

Aprili maji yalishuka baina ya mawe,
yakabeba ngazi mbili na choo cha jirani.
Siku tano sikuosha, sikuweka,
nililala na matope miguuni.
Siku ya sita kikombe kiliningoja, kimeota ukungu.
Zamani ningesema: basi, tuonane Januari.
Nilikiosha.
Kilichukua muda kidogo.

Nililiona gugumaji likifika gatini Kamanga.
Halikuja kwa jeshi.
Jani moja kando ya nguzo, na ua la zambarau;
watu walilipiga picha.
Baadaye kivuko kikahangaika kutia gati.
Sigara nazo ziliniingia hivyo:
moja ya kuombwa, usiku wa matanga ya baba.
Sasa kama baya linajua kuja kwa hatua,
mbona jema nilitake kwa lori?

Ni Desemba.
Jumapili nampigia Nyanzobe,
ananisimulia mihogo na goti lake,
dakika nne, tano salio likiruhusu.
Sigara zilikuwa kumi na nne kwa siku, ni tatu.
Jana zilikuwa sita; sitadanganya, kazi yangu ni mizani.
Kapripointi sijakimbia.
Sijui kama nitakimbia.

Jioni hii Minza kaleta kalenda mpya,
duka lile lile, saruji ile ile.
Kaigeuza, kaniwekea kalamu mezani:
"Haya. Mwakani unaandika nini?"

Nimefikiri hadi chai imepoa.
Nimeinywa ikiwa baridi,
nikainuka
kwenda kuosha kikombe.