Kuanua

Kamba ni moja, wapangaji sita.
Jumatatu ya Mama Rusimbi na nepi zake,
Jumanne ya Elimboto wa bodaboda,
Alhamisi yangu: mashati mawili, soksi zisizo na ndugu.
Jumamosi ni ya Siwatu,
na Siwatu hafui.

Anaanika vitu ambavyo havijawahi kulowa.

Alianza na shati la mfuko wa saruji,
mikono ya wavu wa dagaa,
vifungo vizibo vya soda,
kola mikanda ya ndala, mmoja wa bluu, mmoja wa kijani.
Halikuwa na pa kupitisha shingo.
"La nani?" nikauliza.
"La mtu anayesikiliza kwa tumbo,"
akasema, kibanio mdomoni.

Wiki iliyofuata, suruali:
pindo la mguu wa kulia limeshonewa pindo la kushoto,
ukiingia unazunguka humo humo.
"Ya mtu anayesema kesho naondoka."
Mimi nilifika Ujiji kwa treni, kwa mwezi mmoja tu.
Huu mwaka wa tisa.
Nikatazama pembeni, nikasifia uzi.

Kisha mwavuli uliokufa,
mbavu zake zimevishwa mifuko ya sukari, vipande vipande,
macho, betri mbili za tochi.
Popo.
Popo wa mchana, mnene, hana haraka,
upepo wa ziwa ukipita anapiga mbawa mara moja
kama mtu anayejinyoosha kazini.

"Mtu mzima, ana cherehani nzima kabisa," alisema Mama Rusimbi,
"anashona upuuzi. Na kamba inachakaa."
Kashindi mwenye nyumba akatishia kodi ya kamba.
Mbuzi wake akala gauni la magazeti,
mikono, kiuno, hadi matangazo ya vifo,
akakaa siku mbili kimya
kama aliyesoma.

Sasa, Jumamosi ile.
Siwatu kaenda Mwanga kutafuta uzi.
Milima ya Kongo ikafutika,
na huku tunajua: ikifutika ile ng'ambo,
una muda wa kumaliza chai, huna wa kuongeza kikombe.
Tone la kwanza likagonga bati.
Sijui nani alipiga kelele. "Anueni!"

Neno hilo halingoji kufikiriwa,
linakwenda miguuni moja kwa moja.
Mama Rusimbi alitoka na povu hadi viwikoni,
akamkumbatia popo kifuani, kichwa kwapani.
Elimboto kajivika ile suruali shingoni, duara lake limempata.
Kashindi, Kashindi mwenyewe,
anachomoa vibanio kwa meno.
Mimi nilikimbilia saruji.
Nilikuwa nawaza: ikilowa, itaganda,
yule wa kusikiliza kwa tumbo atavaa nini?
Nikalibeba kama mtoto mwenye homa,
vizibo vya baridi vikinigusa moyoni, kimoja kimoja.

Tukasimama ukumbini tunahema,
mikono imejaa, mvua inanguruma juu,
na hapo ndipo aibu ilipotukuta.
Hakuna aliyemtazama mwenzake.
Mama Rusimbi akageuza popo huku, akamgeuza kule.
"Hiki," akanong'ona, "kinakunjwaje?"

Elimboto akashauri kwa nusu.
Kashindi akasema hapana, utavunja ubavu.
Wakabishana kwa heshima
kama watu wanaopokea maiti, au bwana harusi.

Siwatu akaingia, ameloa chapachapa,
uzi mkavu ndani ya kofia ya nailoni.
Akatuona. Hakucheka. Hakushukuru.
Alikuwa amekwishageukia uani,
kwenye ile kamba tuliyoiokoa yote,
ila pembeni kabisa, kwa wizi wa nafasi,
shuka jeupe la Mama Rusimbi
linapigwa, linajaa, linapindukia kamba,
linatupa mkono ambao halina.

Akalitazama kwa muda mrefu,
maji yanamtiririka kidevuni.

"Lile," akasema,
"lile la nani?"