Kusoma Umri wa Wayo

Kasha limefika na basi la usiku,
limefungwa kwa kamba ya katani, limeandikwa kwa wino mzito:
CHIROMO, MAABARA YA NYUMA. USIGEUZE.
Limegeuzwa, bila shaka.
Maji ya barafu yamechora ramani kwenye ngazi
na mlinzi, Bwana Onditi, anauliza kama tumeua mtu.

Wahenga walisema akiba haiozi.
Hawakulifungua kasha hili Jumanne saa mbili asubuhi.
Serikali nayo huwaita hivyo hivyo, akiba:
"hali ya akiba ya samaki bapa", ndivyo fomu inavyosema,
na mimi nalipwa niseme hali.

Gayogayo mia moja na kumi na wawili.
Wengine huko pwani huwaita wayo,
na kweli wamelala mezani kama nyayo,
kama mtu aliyepita kwa haraka akasahau miguu.
Mtoto wao huzaliwa wima, jicho kushoto, jicho kulia,
kisha jicho moja huhama, hupanda utosi, huvuka,
na samaki hulala ubavu maisha yake yote
akiangalia juu,
na wavu unakuja kwa chini.

Naanza. Urefu, uzito. Dume, jike, mayai yamekomaa au bado.
Sentimita ishirini na moja. Kumi na tisa. Kumi na tisa. Kumi na nane.
Halafu kisu kidogo nyuma ya kichwa, na koleo,
na kile kijiwe cha sikio kisichozidi punje ya mtama.
Ndani yake mna pete, kama za mti uliokatwa:
nyeupe, nyeusi, mwaka.

Ila bahari yetu haina baridi ya kuchapa mwaka ukasomeka.
Pete zinafifia, zinaingiliana.
Mimi nasoma miaka minne.
Mutinda, kwenye hadubini ya pili, anasoma mitatu.
Tunabishana juu ya mwaka mmoja wa samaki
kwa ukali ambao sijawahi kuutumia kwa mume wangu.
Tunamwita Nasimiyu wa chumba cha ukungu aje aamue.
Anachungulia, anafuta kioo, anachungulia tena.
"Mitatu na shaka," anasema, na kurudi kwa ukungu wake.
Jedwali halina safu ya shaka.
Naiandika pembeni, kwa penseli.

Saa nane simu inalia.
Daktari Muthengi anataka sentensi moja iingie kwenye faili kabla ya kikao;
kuna watu wanaomba leseni ya meli mbili zaidi.
"Wapo au hawapo?"
Nageuza kurasa. Makasha ya miaka sita.
La kwanza lilikuwa na wenye pete saba, wenye nane,
na jike mmoja wa kumi na moja, mzito kama kile kitabu cha simu cha zamani.
Mwaka huu safu ya tano ni tupu.
Ya sita tupu. Sikuendelea.
Majike wanabeba mayai wakiwa na urefu wa kiganja changu,
kama waliokwisha kuambiwa.
"Wapo," namjibu. "Wapo wengi. Ila hakuna mzee."
Kimya. Nasikia kalamu yake ikigonga meza.
"Sasa hiyo niiandikeje?"
"Hivyo hivyo."

Nanawa kwa ndimu mara tatu. Harufu haitoki.
Nyumbani Kangemi, Wakesho anachechemea:
viatu vya shule vinambana.
Natandika sakafuni fomu iliyoharibika, upande usioandikwa,
asimame juu yake, asicheke, asikunje vidole,
nami nazungusha penseli kwenye wayo wake.
Sentimita kumi na tisa. Januari zilikuwa kumi na saba.
Nakunja karatasi, naitia mkobani; kesho nitapita Gikomba.
"Chukua vikubwa kidogo, mama," ananiambia,
mguu mmoja bado hewani.
"Niachie mahali pa kukua."