Kipimo cha Kiwiko

Kidari cha meko kiko juu kabisa ya nyumba,
walivyotaka wazee wa Lamu: moshi uende zake,
usishuke msanani kuwasalimu wageni.
Vidato kumi na tisa, vyembamba, kona mbili.
Mama amevipanda miaka hamsini na miwili
na kila siku hukitaja kile cha kumi na moja
kama mkwe asiyempenda.

Nilianza kwa kuhesabu.
Nilikaa kizingitini na kalamu, karani wa kodi:
mekoni hadi pipa la maji, hatua tisa;
pipani hadi kinuni, saba;
kinuni hadi mekoni, sita, na kuruka beseni.
Kwa chungu kimoja cha wali wa nazi
Mama alitembea kama aendaye Shela kwa miguu,
asifike Shela, asiuone mchanga.

"Waandika nini?"
"Deni," nikasema.

Fundi Famau alikuja na timazi na kikohozi.
Akagonga kuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza
kama mnunuzi wa tikiti.
"Huu hauguswi, umebeba boriti.
Ule ni wa kiburi tu. Ule twaubomoa."

Punda wakaleta saruji, wakaleta chokaa,
wakarudi na kifusi cha matumbawe shogini.
Friji haikupita kwenye ngazi.
Ilivutwa kwa kamba kutoka uchochoroni,
wanaume sita, na jirani yetu Mwanamkuu dirishani
akitoa amri zisizoombwa.

Nilitaka vigae vyeupe ukuta mzima.
Fedha zilifika dirishani, zikaketi.
Basi toka dirishani ni chokaa, imesuguliwa kwa jiwe
hadi ikang'aa kama ganda la yai.
Rafu ni mbao za mlango wa stoo ya babu,
bado zina tundu la ufunguo, halifungui kitu.
Bomba la shaba. Vishikizo vya chuma cheusi.
Sakafu nusu ni nyekundu ya zamani, nusu ya kijivu,
na mpaka wake umepinda pale Fundi alipoitwa kula.

Mama akazunguka, mikono nyuma.
"Umenivisha kanga za doti tatu."
"Ndio mtindo, Bi Hidaya," akasema Mwanamkuu.
"Huko hotelini watu hulipa waupate."
Sikubisha.
Umaskini ukiitwa mtindo
huitika upesi.

Kona moja haikupakwa kitu:
pale alipokuwa akiegemea akingoja mchele ukauke,
mgongo wake umelisugua sizi
hadi likawa laini, jeusi, kama ngozi ya ngoma.
Fundi alikwisha chovya brashi.
Nilimshika mkono.

Na meza. Meza niliipima kabla ya yote,
siku Mama aliposimama mlangoni
akibishana na muuza kuku.
Nikapitisha uzi nyuma yake,
kisigino hadi kiwiko, nikafunga fundo.
Kuku alipungua shilingi hamsini;
Mama hakugeuka.

"Fupi hii," Fundi aliniambia. "Itakuuma mgongo, wewe."
Nikampa uzi.

Siku ya kwanza alimlaza changu juu ya jiwe
akampara magamba amesimama wima,
hakutafuta kibao cha kukalia.
Mkono ukaliendea bomba bila macho.
Hatua mbili hadi motoni. Nilihesabu, mazoea.
Nilingoja aseme neno.

"Na mbuzi ya nazi mmeitupa wapi?"

Nikamwonyesha: chini ya meza,
upande usio na droo, imeelekea upepo.
Akaitazama sana.
Akaisogeza kidogo, upana wa kidole, kushoto.

Alipokwenda zake nikaosha sufuria.
Nimempita urefu kwa shubiri na nusu;
niliinama, maji yakanirukia kifuani,
kiuno kikaanza kulalamika mapema.
Nikamsikia akishuka, polepole, kona ya kwanza,
kisha kidato cha kumi na moja,
akikitukana.